Darasa Lililokataa Kusuka

Mfuko wa hisani ulipoamua kwamba watoto wasioona hawana haja ya hesabu, haukumuuliza mtu. Uliwaletea katani. Dereva aliishusha furushi baada ya furushi, akairundika ukutani mwa darasa. Wanafunzi walikuwa wakingoja vitabu vya jiometri vya nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, kwa hiyo harufu ya kamba ilipowafikia wakajua si vitabu.

"Kama hivi ndivyo vitabu," alisema Mzee, mvulana aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya sauti yake nzito, "basi na mbuzi wa kuvisoma aletwe."

Wakacheka wote isipokuwa Kwanini.

Msichana huyu, Kwanini, jina lake la nyumbani lilikuwa jingine, lakini bibi yake alichoka kuulizwa maswali akampa hilo, likamganda. Surua ilimwondolea macho kabla hajajua kutembea. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, mtu wa mashuka na mvuke, na alimlea kwa kanuni moja: usilie kabla hujauliza.

Darasa lao lilikuwa stoo ya zamani nyuma ya jiko la shule. Mfuko ndio ulioipaka chokaa, ukaleta mashine za kuandikia nukta nundu, ukamlipa mwalimu wa hesabu posho ya kufundisha kundi hilo. Hayo hakuna aliyeyakana. Hata mratibu wa mfuko, yule mwanamke aliyekuja na katani, alikuwa mpole kweli, na hilo ndilo lililofanya kugombana naye kuwe kugumu. Aliwaita "wanangu," aliwajua kwa majina, na bangili zake zililia kila alipowapapasa vichwa.

"Wanangu, hesabu imekuwa mzigo kwenu," alisema siku hiyo. "Hata kwenye mtihani wa taifa mnaruhusiwa kusamehewa. Sasa mtajifunza kusuka vikapu. Mwenye kazi mkononi halali njaa. Wafadhili watakuja mwisho wa muhula, watavinunua wao wenyewe."

Kwanini akanyoosha mkono. "Huo mzigo, Madamu, nani alilalamika kwamba umemwelemea?"

"Hakuna aliyelalamika, mwanangu. Tunawaonea huruma tu."

"Na chuo cha ualimu kitanipokea bila hesabu?"

"Hayo tutayaona mbele ya safari."

"Sisi hatuoni, Madamu. Ndiyo maana tunauliza mapema."

Mratibu akaaga kwa sauti ileile ya upole, akaondoka.

Fundi wa kusuka alipokuja, alimwekea kila mmoja fungu lake la katani mezani. Kwanini akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Fundi akamwomba, akambembeleza, akamtisha kidogo. Mikono haikutoka. Mzee akasikia ubishi unaendelea, akauliza kuna nini, akaambiwa. Naye akaikalia yake, na wengine wakafuata. Mpaka kengele inalia, fundi alikuwa anasuka peke yake.

Mama akaitwa shuleni. Alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji, nguo zikinuka dawa ya madoa. Mwalimu mkuu, mwanamke aliyekwisha kuona shule ikikosa hata chaki, alimkaribisha kiti na hakuzunguka.

"Mama Kwanini, mwanao atatufungia mlango. Hawa watu wakikasirika, darasa limekufa. Mchagua jembe si mkulima."

"Kweli, Mwalimu. Lakini mtu akipewa kijiko akaambiwa akalime, huyo hakupewa jembe. Huyo anachezewa."

"Vikapu navyo ni kazi."

"Sikatai. Mimi nafua mashuka yenye damu ya watu, siwezi kuidharau kazi. Ila kazi yangu niliichagua mwenyewe, tena baada ya kukosa nyingine. Yeye hajakosa bado. Mnataka kumkosesha."

Mwalimu mkuu akasema kwa sauti ya chini, "Sina pesa za kuwafundisha hesabu, dada yangu. Huo ndio ukweli."

"Basi semeni hivyo. Msiseme hawaiwezi."

Mwalimu wa hesabu naye posho yake ilikatwa. Alikuwa kijana mwenye wasiwasi, mtu wa kukubali kila alichoambiwa na wakubwa, na wanafunzi walidhani hawatamsikia tena. Wakati wa mapumziko ya mchana akaja, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyie mtaniponza," alisema. "Tulifika wapi?"

Walikuwa wamefika kwenye maumbo, na maumbo bila vitabu vya kugusa yalikuwa hadithi tu. Unaweza kumwambia mtu pembetatu ina pande tatu mpaka koo likauke, asiyeigusa hataijua. Kwanini ndiye aliyeiokota katani sakafuni. Akauvuta uzi mmoja, akaunyoosha juu ya meza, akaupitishia kidole.

"Mwalimu, huu si mstari?"

Wakaomba maboksi na uji wa unga jikoni. Mpishi aliwauliza wanapika nini, Mzee akamjibu wanapika duara. Wakakata vipande vya boksi, wakabandika nyuzi juu yake: pembetatu, mistari sambamba, duara lililopimwa kwa mdomo wa sufuria. Zilianza kupinda, wakazibandua, wakarudia. Kisha mwalimu akawatengenezea grafu, ile ya mstari unaopanda kama kilima na kushuka. Kwanini alikipandisha kidole mpaka kileleni, akasimama hapo, akakirudisha, akapanda tena.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Miaka yote mnasema inapanda, nilidhani ni maneno tu."

Mchana baada ya mchana katani ikapungua, na ukuta ukajaa maboksi.

Wafadhili walikuja mwisho wa muhula, viatu vyao vikigonga sakafu kwa adabu. Mratibu akawatangulia mlangoni, akasimama ghafla.

"Vikapu viko wapi?"

"Hatukusuka," alisema Kwanini. "Katani yote iko ukutani. Karibuni mguse."

Hakuna aliyegusa. Mratibu akacheka kicheko kikavu, akawaambia wageni kwamba watoto wana ubunifu wao, kisha akamshika Kwanini bega amsogeze mbele atoe neno la shukrani. Neno lenyewe alikuwa amefundishwa juma zima. Lilianza na "sisi wanyonge."

"Shikamooni," alisema Kwanini. "Asanteni kwa mashine, na asanteni kwa mwalimu. Tulijifunza kwazo mpaka tukataka zaidi, na sasa mnatukasirikia kwa kutaka. Mimi si mnyonge. Mimi ni mwanafunzi. Mkitaka kununua vikapu, sokoni viko vingi na vizuri. Mkitaka kusomesha, tusomesheni. Shukrani nitawapa, lakini siyo hatamu ya kunivutia."

Mfadhili mmoja mzee akakohoa. Mwingine akanong'ona kwamba mtoto huyu amefundishwa jeuri. Mratibu alipomtazama mwalimu mkuu ili amkemee msichana, yeye aliangalia dirishani.

Wiki haikuisha, dereva akarudi kuzichukua mashine. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na alizibeba kwa aibu, akiomba radhi kila anapopita mlangoni. Mzee akamsaidia kufungua mlango.

"Usijali, baba," alimwambia. "Nenda nazo polepole, zisivunjike. Labda watazitumia kusukia vikapu."

Walibaki na vibao vya zamani vya kutobolea nukta kwa msumari, ambavyo lazima uandike kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Vidole vilivimba. Wengine wawili wakahamishwa na wazazi wao, na Kwanini hakuwalaumu. Kuna jioni aliyokaa na mama yake akifua nguo, akamuuliza kama amewaponza wenzake.

"Umewaponza," mama alisema. "Sasa usiwaache njiani."

Siku ya kujiandikisha mtihani, mwalimu mkuu alikuwa tayari ameandika kwamba wote wamesamehewa hesabu. Mama Kwanini akaja akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi. Hakupiga kelele. Kila alipotoka mwalimu mkuu, alimkuta, akasalimiwa vizuri, akapita. Mwishowe akasimama mbele yake.

"Wakifeli, shule yangu ndiyo itakayochekwa."

"Wakifeli watakuwa wamefeli, Mwalimu. Kufeli ni haki ya aliyefanya mtihani."

Mwalimu mkuu akarudi ndani, akafuta, akaandika upya.

Katika chumba cha mtihani msimamizi alimsomea Kwanini maswali kwa sauti. Walipofika kwenye swali la umbo, akamwambia aliruke, kwa kuwa karatasi yake haikuwa na mchoro wa kugusa. Kwanini akaukunjua mkono juu ya meza.

"Nichoree hapa."

Yule bwana akasita. Akatazama huku na huku, kisha kwa ncha ya kidole akachora umbo kiganjani mwake, upande kwa upande, akimtajia vipimo. Alichora mara mbili. Kwanini akafumba mkono kana kwamba ameshika kitu, akaanza kuandika.

Alifaulu. Si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini zilizotosha chuo cha ualimu. Ndipo mratibu akapiga simu kwa mama, sauti ya upole, bangili zikilia. Mfuko ulitaka picha ya Kwanini kwenye jarida lake, kuonyesha matunda ya ufadhili.

Mama akampa simu mwenye picha.

"Shikamoo, Madamu," alisema Kwanini. "Mlipeni mwalimu wa hesabu kwa ajili ya waliobaki, nami nitakuja nimevaa vizuri. Bila hesabu, hakuna picha."

Mratibu akasema atalifikisha juu. Huko juu hakukurudi jibu, na picha haikupigwa. Mwalimu wa hesabu aliendelea kuja mchana, akila chakula chake darasani huku akisahihisha.

Mzee alikuwa amefeli hesabu. Mwaka uliofuata akarudia, akafeli tena, kwa pungufu ndogo. Mwalimu mkuu, orodha mpya ya mtihani mkononi, akamuuliza kwa upole kama hadhani sasa imetosha.

"Umwandike nani tena, Mwalimu?" alisema Mzee. "Niandike mimi."