Kifurushi cha Toleo la Pili

Arcade hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikamaliza. Alikuwa fundi wa programu hasa, mtoto wa mtaa wa Misunkumilo, mpole, msikivu, wala si mlevi. Siku moja alifanya uvivu, basi.

Alitengeneza mfumo wa zahanati kumi na moja. Nesi akimpa mgonjwa dawa anaandika kwenye simu, simu inatia sahihi ya kidijitali, taarifa inakwenda kwenye kompyuta kuu, Mpanda mjini. Sasa sahihi hiyo haijali maana, inakagua alama moja moja. Simu ikiandika vidonge 6 na kompyuta ya Mpanda ikaandika 6.0, mimi na wewe tutasema ni kitu kilekile, lakini mashine itaapa kwamba kuna mtu kachezea. Ndiyo maana Arcade aliandika maktaba ndogo ya programu yenye kazi moja tu: kupanga taarifa kwa namna ileile, huku na kule, kabla ya sahihi kutiwa.

Mwezi wa tatu akaona kasoro kwenye namba, akairekebisha, akaifunga maktaba upya kuwa kifurushi cha kupakua. Mafundi wote wanajua kwamba ukigusa kitu, hata nukta, lazima ubadilishe namba ya toleo. Lakini kubadilisha namba kulitaka barua kumi na moja na idhini ya bosi wake, Gelasius, na ilikuwa Ijumaa, na Arcade amechoka. Akakiacha kiitwe toleo la pili kama kile cha zamani chenye kasoro, akakiweka kwenye kompyuta ya Mpanda, akawaambia manesi wapakue upya.

Haya, kijijini Kasekese nani ana bando la kupakua? Kule mmoja akiwa na programu, wenzake wanarushiwa simu kwa simu. Nesi Pudensiana akarushiwa na mwenzake wa kijiji cha jirani, ambaye siku hiyo bado alikuwa na kifurushi cha zamani; kipya alikipakua kesho yake. Akaangalia namba, akaona toleo la pili, akaendelea na kazi.

Wiki tatu baadaye taarifa zake arobaini na tatu zikawa nyekundu: zimechezewa. Kamati ya afya ikakaa Mpanda. Wakasema nesi anabadilisha idadi ya vidonge baada ya kutia sahihi, vinavyobaki anauza. Arcade akaitwa kama mtaalamu, na mwenyekiti akamuuliza kama mashine inaweza kukosea.

"Sahihi haikosei," Arcade alijibu. "Aliyekosea ni mtu."

Pudensiana alikuwa amekaa palepale, miaka kumi na tisa ya kazi mgongoni, akaapa kwamba hajagusa kitu. Nani amsikilize? Habari zilifika Kasekese kabla yake. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kila mdomo ukaongeza chumvi yake, mpaka ikawa nesi anauza dawa za kweli na kuwagawia watu vidonge vya unga. Akahudumu siku nne zaidi, barua ya kumsimamisha ikamkuta.

Mwezi wa tano Arcade alikuwa anasafisha kompyuta yake akakuta vifurushi viwili vyenye jina moja na namba moja. Akavijaribu kwa taarifa za Kasekese. Kile cha zamani kilizikubali zote arobaini na tatu. Aliona aibu. Alipomwambia Gelasius, Gelasius akafunga mlango, akamshauri asijichimbie kaburi, nesi atapata kazi nyingine. Arcade akaandika barua kwa kamati, akaeleza yote, akatia jina lake, kisha akapanda pikipiki kwenda Kasekese.

Alimkuta Pudensiana shambani, anang'oa karanga. Akamweleza akiwa amesimama juani, bila kujitetea. Pudensiana akaisoma nakala ya barua mara mbili, akaikunja. Arcade alingoja matusi, ikiwezekana hata kofi, lakini nesi akafunga kanga yake vizuri.

"Mdogo wangu, mimi umenisafisha, asante," alisema. "Sasa twende kwa Mama Ngusa. Na huko utasema wewe mwenyewe."

Njiani hakumwambia zaidi. Mama Ngusa, jina lake Kabula, alikuwa nje ya boma la ng'ombe, mwanamke wa Kisukuma, kijana bado, kanyoa nywele za msiba. Arcade akaona ule upara, akatamani kurudi. Pudensiana hakumpisha. Basi akakaa kwenye kigoda, akaeleza polepole: kosa ni lake, nesi hakuiba hata kidonge kimoja, wala hakuna dawa iliyobadilishwa.

Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Pudensiana, kisha akamgeukia tena huyu mgeni.

"Ngusa wangu alipopata malaria, nesi alinipa vidonge," alisema. "Watu wakaniambia ni unga. Nikavitupa chooni. Unasema zilikuwa dawa?"

Arcade alimtazama Pudensiana amsaidie. Pudensiana alikuwa anaangalia chini.

"Zilikuwa dawa, mama," Arcade alisema.