Kichujio Kilichokula Noti za Baba

Baba alinipigia simu Jumapili saa kumi na mbili jioni, kama kila Jumapili, akaanza na mvua. Kwao Jutland, magharibi mwa Denmark, ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nikamwambia ya huku kwangu Kopenhagen nayo si haba. Halafu, kwa sauti ileile ya mvua, akasema Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho kwake kupiga kile kinanda kikubwa cha mabomba kanisani.

"Kwa nini, Baba?"

"Nimekwisha, Merete. Nikishikilia noti, inayumba. Inapanda, inashuka, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Fundi wa kinanda ameitwa mara mbili, anasema mabomba yote mazima. Basi mbovu ni mimi."

Miaka hamsini na minne anakipiga kinanda kile. Tangu Mama afariki hana kingine. Karata hachezi, na majirani wanamchosha. Nilipokata simu nilibaki jikoni na kipande changu cha mkate mweusi, na nyumba nzima hakuna wa kumwambia.

Kazi yangu ni vifaa vya kusaidia kusikia. Siku nzima niko kwenye chumba kisichopitisha sauti, mimi na kichwa cha plastiki tulichokibatiza Preben. Preben ana masikio mazuri ya mpira, na hajawahi kunikatiza nikiongea.

Kifaa hakisikii kama wewe. Kinaionja sauti mara elfu ishirini kila sekunde, na kila onjo linakuwa namba. Baada ya hapo ni kuzidisha na kujumlisha tu: namba ya sasa mara hiki, iliyotangulia mara kile, jumlisha, toa nje. Ukiingiza sauti mbili kwa pamoja, unapata jumla ya yale ambayo ungepata mojamoja. Hakina upendeleo wala siku mbaya. Mimi naelewana na vitu vya namna hiyo kuliko na watu. Muulize aliyekuwa mume wangu.

Balaa ni moja. Sauti inavuja sikioni, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa, inavuja tena, mwishowe kifaa kinapiga yowe. Miaka kumi na moja nimekuwa nikitunga kichujio cha kulikomesha hilo yowe. Kinakadiria kilichovuja, kisha kinakitoa kwenye hesabu. Tulikijaribu kwa maneno ya watu, saa kwa saa, wiki kwa wiki. Kimya! Tukakata keki ofisini, na kifaa cha kwanza kabisa chenye kichujio hicho nikampelekea Baba, mwaka jana.

Jumamosi nikaendesha gari hadi kwake. Nilimkuta kanisani peke yake, amevaa sweta na viatu vyake vyembamba vya kupigia kinanda. Tukapeana mkono. Kwetu ndivyo tunavyosalimiana, mkono basi.

"Piga noti moja, Baba. Ishikilie."

Akapiga. Ilisimama imara, haikutikisika hata kidogo.

"Unaona?" akasema. "Inayumba."

"Haiyumbi."

"Usinibembeleze, mimi si mtoto."

Nikamwomba kifaa chake, nikakichomeka kwenye mpira wangu wa kusikilizia, kama ule wa daktari. "Piga tena." Nikaisikia. Ilipanda, ikashuka, ikapotea, ikarudi.

Maneno ya watu hukatikakatika. Noti ya kinanda haikatiki. Kichujio changu kikikuta sauti iliyonyooka bila kukatika, kinadhani ni yowe linaanza, kinahangaika kuitoa. Lo! Wataalamu tisa, mmoja wao binti wa mpiga kinanda, na hakuna hata mmoja aliyewaza kukijaribu kwa kinanda.

"Baba, si wewe," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akifuta vitufe vya kinanda kwa mkono wa sweta.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima najiona nachanganyikiwa."

"Nisamehe, Baba."

Nikatoa kompyuta na waya. Nikamwambia naweza kukizima kichujio, lakini yowe litarudi kila kitu kinapokaribia sikio lake: kofia, mto, simu. Na kifaa chenyewe ni kidogo mno, hakina kitufe cha kubadilisha. Tulijisifu sana kwa hilo.

"Kwa hiyo ni kinanda au simu, Baba. Ile simu yetu ya Jumapili haitawezekana, na bila kifaa husikii neno."

"Zima."

Hata sikuwa nimefunga mdomo. Iliniuma, nisikudanganye. Ningependa asite kidogo, hata kwa adabu tu.

"Na mazungumzo yetu?"

"Tunazungumza nini, Merete? Mvua yako, mvua yangu."

Nikazima. Akakivaa, akapiga noti moja ya chini, akaishikilia mpaka nikaisikia kwenye mbao za benchi.

"Ipo," akasema. "Imetulia tuli."

Kesho yake alipiga ibada yote, akamwambia mchungaji atafute mwingine wa kumstaafisha, yeye haondoki. Mimi nilikaa benchi la nyuma peke yangu, nikiwaza Jumapili zangu zijazo, saa kumi na mbili, jikoni. Nilikuwa nimemrudishia kinanda chake, na kwa mkono wangu mwenyewe nimeikata sauti pekee iliyokuwa inanitafuta.

Waumini walikuwa nje na vikombe vyao vya kahawa. Baba akanisindikiza hadi kwenye gari, akaninyooshea mkono. Nikautazama ule mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamkumbatia, shavu kwa shavu, mtu mzima mimi na miaka yangu hamsini na moja.

Kifaa kikapiga yowe. Yowe la kuchoma masikio, vikombe vyote vikageuka kututazama. Nikashtuka, nikaanza kujitoa.

"Unakwenda wapi?" Baba akasema, mikono yake imenikaza mgongoni. "Kiache kilie."