Ukingo wa Meza

Doa lilikuwa dogo kama ukucha wa kitoto kichanga, jeupe, pale penye ukingo wa meza. Nilikuwa nimeukunja msasa na kuubana kwa vidole badala ya kuuviringisha kwenye kipande cha mbao kama nilivyofundishwa. Ukingoni vanishi huwa nyembamba, na vidole havijui hilo. Nikaisugua vanishi ikaisha, na rangi nayo, nikafika kwenye mbao tupu.

Wiki ile mamamkwe alikuwa ananipima. Nikifaulu, nibaki naye karakanani kama fundi wa vanishi. Nikishindwa, nirudi kufagia maranda. Binti yangu alikuwa na miezi minane, na masomo yangu ya jioni yalikuwa bado hayajanipatia kazi. Basi nikafanya la kijinga: nikapaka vanishi juu ya doa, nikaenda kuosha brashi.

Vanishi angavu haina siri. Doa likazidi kung'aa.

Mamamkwe aliinama hadi shavu likakaribia meza, akachungulia kuelekea dirishani. "Mkwe, hili umelificha au umelipamba?"

"Nimeteleza, mama."

"Kuteleza si kuanguka. Kupaka juu yake ndiko kuanguka."

Kisha akanionyesha doa la pili, kwenye kona, ambalo hata sikuwa nimeliona. Akasema hilo atalitengeneza yeye, la kwanza nitalitengeneza mimi, nitazame.

Miaka sita imepita na bado naiona mikono ile. Alipangusa kwa kitambaa chenye thina, ile inayoyeyusha vanishi, akajaribu rangi kwenye kipande cha mbao mara tatu, kisha kwa kibrashi cha nywele chache akachora mistari myembamba kufuata mishipa ya mbao. Hakujaza, alichora. Ikakauka. Akapuliza vanishi nyepesi, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kila jipya likililainisha la chini yake hadi yakashikana. Alikuwa akimwimbia binti yangu aliyelala kwenye tenga, na wimbo haukukatika hata mara moja.

Nikafanya langu. Alivaa miwani, akatazama. "Limekaa. Mwenye meza anakuja saa kumi."

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini niliinama kama alivyoinama yeye. Doa lake nililitafuta nisilipate, hata kwa kupapasa. Langu lilikuwepo, limekolea kuliko mbao iliyolizunguka, kwa kivuli kidogo tu.

"Mama, langu linaonekana."

"Linaonekana na nani?"

"Na mimi."

Alinisogezea chupa ya thina na kitambaa safi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefuta, nachanganya rangi upya, mwenye meza alipobisha hodi. Mamamkwe akamvutia kigoda mlangoni.

"Karibu ukae kidogo," alimwambia. "Fundi hajamaliza."

Niligeuka kumtafuta huyo fundi. Karakanani tulikuwa sisi tu, na brashi ilikuwa mkononi mwangu.