Nani Anastahili Kuitwa Ma

Felicitas alikuwa na watoto wanne, kibanja cha migomba iliyostawi, na wivu ambao hakumwambia mtu.

Pale Nshambya, kama kwingine Uhayani, mwanamume anayeheshimika huitwa Ta, likafuata jina lake, na mwanamke huitwa Ma. Haliombwi. Watu wakishakuona unafaa, wanakuita wenyewe. Felicitas alikuwa ameolewa hapo miaka kumi na tisa, na bado watu walimwita Mama Wilbert, kwa jina la mwanawe wa kwanza, au Feli tu, kama msichana wa kutumwa chumvi.

Halafu akaja Esther, mke wa shemeji yake. Miaka miwili tu, hajazaa, na tayari ni Ma Esther huku, Ma Esther kule. Muuza dagaa, Ma Esther. Mwinjilisti, Ma Esther. Hata mama mkwe wao, Ma Agnetha, ambaye hajawahi kuona jema lolote la Felicitas, alimwita hivyo huku akitabasamu.

Kisa? Esther amesoma. Alifundisha lugha chuoni, na mwaka huo alikuwa anaandika kitabu. Maneno yote yaliyojaa duniani, yeye akachagua kuandika juu ya hilohilo Ma!

Jumamosi moja walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Esther alimenya vibaya, nusu ya ndizi ikienda na ganda, lakini mdomo haukupumzika.

"Dada Feli, hebu fikiria. Mchina akilitamka hivi, ni mama. Akilishusha na kulipandisha sauti, ni farasi. Mwarabu akisema maa, ni maji. Kwa Mwitaliano ma ni 'lakini', anataka kukupinga. Wazulu wanafanana na sisi, wanalitanguliza kwenye jina la ukoo wa mwanamke kumheshimu. Na wapo wanaosema limeanza kwa watoto wachanga, maana midomo ikifumba na kufumbuka tu, linatoka."

"Kumbe," alisema Felicitas, akichana ganda kwa nguvu zisizohitajika.

"Ila hili letu la Kihaya ndilo linalonisumbua. Mimi nimekulia Mwanza, haya mambo siyajui. Watu wananiita, na mimi naitika tu. Hasa hasa anayepewa ni nani?"

Felicitas angeweza kusema ukweli, nao ulikuwa mfupi. Badala yake alishusha sauti, akaweka na huruma kidogo juu yake.

"Anayepewa ni aliyezaa, mdogo wangu. Asiyezaa akiitwa Ma, ujue watu wanamcheka. Nilikuwa naogopa kukuumiza."

Kisu cha Esther kilisimama. Baadaye alinawa mikono, akachukua daftari lake, akaandika. Kuanzia kesho yake, kila aliyemwita alimjibu kwa upole, "Niiteni Esther, inatosha." Felicitas alifurahi waziwazi. Aliimba akifagia. Lakini wiki mbili zikapita, na hakuna aliyeliokota lile Ma akampa yeye.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya kutoka Nshambya hadi Buganguzi. Esther aliomba apelekwe huko, wilayani Muleba, kwa shangazi aliyemlea Felicitas, kwa kuwa aliambiwa bibi huyo anayajua mambo ya kale. Felicitas akakubali haraka. Msomi kuja kuwaomba elimu watu wa kwao, nani angekataa?

Gari lilikuwa limeshaacha lami ndipo alipokumbuka. Shangazi yake, Ma Alistidia, hakuzaa. Felicitas hakuwahi kumfikiria hivyo hata siku moja, maana mtoto wa nyumba ile alikuwa yeye. Alitaka kusema turudi. Akakosa sababu.

Ma Alistidia aliwapokea kwa furaha, akawaletea akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna. Esther alizipokea kwa mikono miwili, akafungua daftari.

"Bibi, nianze na wewe mwenyewe. Una watoto wangapi?"

"Wa tumboni hakuna, waitu, mwanangu."

Esther aliangalia daftari, akamwangalia mzee. "Samahani. Hapa nimeandika kwamba asiyezaa haitwi Ma. Na wewe majirani wote njiani wamekuita Ma."

"Nani alikwambia hayo?"

Mbele ya mzee hutaji mtu kienyejienyeji, na kwa jinsi Esther alivyofundishwa jikoni, mwenye watoto wanne ana haki yake. Alijibu bila hila yoyote.

"Ma Felicitas."

Lilikuwa limekuja. Miaka kumi na tisa, na lilikuwa limekuja hapo, mbele ya mwanamke huyo. Felicitas aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ma Alistidia alitafuna buni yake hadi ikaisha.

"Feli, ulikuja hapa una mwaka mmoja na nusu. Nilikuambia mimi ni shangazi, mama yako tumemzika pale kwenye migomba. Hukusikia. Ukawa unanifuata shambani, kisimani, unaniita Ma. Majirani wakacheka, halafu nao wakaanza kuniita." Alimgeukia Esther. "Andika, mwalimu. Mimi nilipewa na huyu."

Esther hakuandika. Alikuwa anamtazama Felicitas, na sasa alikuwa ameelewa.

"Nilikudanganya," alisema Felicitas. "Wewe ni Ma, Esther. Mimi ndiye bado."