Kucha za Buluu

Saa tatu asubuhi fundi wa maabara aliweka mezani chupa mbili za hematoksilini, rangi ya kutia vipande vya nyama ili visomeke kwa darubini, akachagua ile kali. Ile pole hutia rangi taratibu na kukoma yenyewe, na fundi aliipenda kwa kuwa haina makuu. Lakini kipande cha nyama cha siku hiyo kilikuwa kimelala kwenye dawa ya kuhifadhia miezi miwili kikingoja zamu, na nyama iliyolala hivyo hushika rangi kwa shida. Kilitolewa shingoni mwa shangazi yake, mshonaji, aliyetaka kujua jambo moja tu: ule uvimbe ulikuwa wa heri au wa shari.

Rangi kali inataka jicho. Inazidishwa makusudi, kisha slaidi, kile kioo chenye kipande cha nyama, inachovywa kwenye asidi hafifu ili ziada itoke, na maji ya bomba yanageuza zambarau kuwa buluu. Fundi alikuwa hajachovya simu ilipoita.

"We mtoto," alisema shangazi, "nimekuwa zambarau mpaka viwikoni, na hapa nina gauni jeupe la mteja."

"Samahani, shangazi. Nimekuacha kwenye rangi."

"Basi nitoe."

Fundi alichovya mara mbili, akafungua bomba.

"Hapo sawa. Zimebaki kucha tu, buluu safi. Ziache, zimenikaa."

Kuanzia siku hiyo kila aliyetiwa rangi slaidi yake, kucha zake ziligeuka buluu. Watoto fundi aliwatilia ile pole, kucha zao zikawa rangi ya mbingu, na mama zao wakashukuru.

Aliyenuna ni karani wa dirishani. Miaka yote alikuwa akijibu, "Maabara bado." Sasa watu walimwekea vidole kumi kaunta.

"Maabara wamemaliza, baba. Tazama mwenyewe."

Karani alitazama, akakubali. Slaidi zilikuwa mezani kwa daktari mkuu, mwenye ruhusa peke yake ya kusoma na kusaini, naye alikuwa semina. Akitoka semina hii anaingia nyingine. Uongozi wa hospitali ulikaa kikao na kubandika tangazo: *Wenye kucha za buluu, foleni ya kushoto.*

Shangazi alikuja na sindano yake, akashika nafasi, akawa anapinda suruali za watu huku akiwachekesha. Fundi alipopita hapo roho ilimuuma, akamletea kiti.

"Wewe rangi umetia vizuri," shangazi alimwambia. "Usijisumbue."

Mwezi wa tatu wa kungoja, shangazi alikata kucha mara ya sita, zikaota buluu ile ile. Uvimbe nao ulikuwa umerudi kuchungulia, kwa hiyo akaongeza kola ya gauni lake inchi moja. Ilimkaa vizuri, na wawili kwenye foleni wakaomba washonewe ya namna hiyo.