Siku Tatu Ambazo Severine Hakuja

Mwaka ule wa sabini na sita masika yaliingia kwa fujo, na Jumatatu ya pili ya Aprili Severine hakuja kazini.

Mama Vitalis alimngoja tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Euphrasia, lakini tangu ahame Masasi na kupanga vyumba viwili vya uani karibu na Mtaa wa Msimbazi, hakuna aliyemwita hivyo ila padri. Mumewe alikwishafariki, mwanawe Vitalis alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, naye akawa analea watoto wa watu: wa akina mama wauza mboga sokoni Kariakoo, wa makarani, wa wenye maduka. Waliletwa asubuhi, wakachukuliwa jioni. Siku ile walikuwa tisa, na wanne kati yao walikuwa bado wa kuvalishwa nepi.

Watoto tisa kwa mikono miwili, hapo ndipo hasira ilipompanda. Mwezi uliopita tu Severine, msaidizi wake, alikosa siku mbili, akarudi na maneno ya mafuriko ya Jangwani alikoishi, kwamba maji yalifunga njia. Mama Vitalis alimsikiliza huku amekunja mikono, kisha akamwambia mbele ya watoto: "Sikia, binti. Ukikosa tena bila taarifa, hata siku moja, usihangaike kurudi. Wasichana wanaotafuta kazi mji huu wamejaa."

Severine, msichana wa miaka kumi na tisa, mpole mpaka anakera, aliitikia tu, "Ndiyo, mama."

Basi Jumatatu hiyo Mama Vitalis alikoroga uji wa ulezi peke yake, akawanywesha, akawafuta pua, akaamua ugomvi. Ilipofika saa nne ndipo akakumbuka nepi alizoziloweka kwenye karai tangu alfajiri. Akambeba mtoto mmoja mgongoni, akatoka uani kufua.

Karai lilikuwa tupu, limegeuzwa kifudifudi.

Nepi zote zilikuwa kwenye kamba, zinachuruzika maji. Zilikuwa zimeanikwa mbilimbili, ncha juu ya ncha, kibanio kimoja kwa nepi mbili. Ni Severine peke yake aliyeanika hivyo, kwa sababu vibanio vilikuwa vichache na madukani havipatikani.

"Severine!" aliita.

Kimya. Wapangaji wa vyumba vya mbele walikuwa kazini. Akautazama mlango wa kutokea uchochoroni. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama alivyolifunga mwenyewe. Akajisemea kwamba huenda amezifua yeye akasahau, maana kichwa kilikuwa kimejaa. Lakini mikono yake ilikuwa mikavu, na kucha zake zilikuwa bado na uji.

Jumanne Severine hakuja tena. Asubuhi hiyo mtoto wa miaka mitatu, Nassibu, alibanwa kidole na mlango wa stoo, akalia mpaka akakaukiwa na sauti. Mama Vitalis alichana ukingo wa kanga yake kuukuu, nyekundu, akamfunga kidole. Akaapa moyoni kwamba Severine akitokea atamfungashia virago palepale.

Mchana aliwalaza kwenye jamvi. Kwa kawaida kuwalaza ilikuwa vita; Severine tu ndiye aliyeiweza, kwa kuwapapasa migongo mmoja mmoja. Mama Vitalis alikwenda stoo kuchukua mkaa, akakawia kidogo tu. Aliporudi alikuta wanane wametulia kimya, wamelala ubavu, nyuso zimeelekea ukutani. Mmoja tu, aliyeitwa Ila, binti wa miaka minne wa Jasvanti, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa kule Mchafukoge, alikuwa macho. Alijiwekea kidole mdomoni, akimwonya Mama Vitalis.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Dada kichwa kinamuuma."

"Dada yupi?"

"Dada Severine."

"Severine hayupo leo, mwanangu."

Ila alimtazama kama anayemwonea huruma. "Yupo. Anafua."

Mama Vitalis akakaza masikio, na kweli akasikia. Nje, ng'ambo ya mlango, nguo ilikuwa ikisuguliwa kwa mikono, taratibu, fikicha, fikicha, kama anavyofua mtu aliyechoka. Alisogea hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akausukuma.

Sauti ikakatika. Uani hapakuwa na mtu. Ndani ya karai maji yalikuwa bado yanazunguka, na mapovu yanapasuka moja moja. Juu ya jiwe, kipande cha sabuni ya mche kilikuwa kimelainika, na kilikuwa na alama za vidole vyembamba.

Mwanamke huyu hakuwa mwoga. Alikuwa amezika mume, na alikuwa amekaa peke yake mji huu miaka sita. Lakini alasiri ile hakugusa lile karai. Alikaa na watoto chumbani, akafungulia redio kwa sauti, akawa anawahesabu, na kila alipomaliza alianza upya.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nepi zilifuliwa tena, safari hii zikaanikwa chini ya upenu, mbilimbili. Mama Vitalis aliziona, akageuza uso. Saa saba Jasvanti akaja kumchukua Ila mapema, maana duka lilikuwa halina wateja kwa mvua. Alifunga mwavuli mlangoni, akavua ndara.

"Mama Vitalis, huyo msichana wako anaumwa?"

"Msichana gani?"

"Severine. Ameinama hapo kwenye korido, nimemsalimu hakuitika. Kanga yake imelowa yote, anatetemeka. Si vizuri kumfanyisha kazi hivyo, dada yangu. Mpe ruhusa."

Jambo hili lilikuwa limetoka kwenye macho ya watoto, sasa limeingia kwenye macho ya mtu mzima mwenye akili zake.

"Mama Ila," alisema, "nakuomba unikalie na watoto. Nisipokwenda sasa hivi, sijui itakuwaje."

Jasvanti alitaka kuuliza, lakini alipomwona uso akaweka mwavuli chini na kumpokea mtoto mchanga mikononi.

Mama Vitalis aliteremka na Mtaa wa Msimbazi, kanga kichwani, viatu mkononi. Kule chini Jangwani maji ya kahawia yalikuwa yamefika magotini, yamebeba maganda na mbao. Aliuliza nyumba mpaka akaelekezwa kwenye kibanda cha udongo kilichoinuliwa kwa mawe. Mlangoni alisimama dada yake Severine, Evarista, macho yamevimba kwa kukesha.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Vitalis? Tangu Jumapili ana homa, hajitambui. Nilitaka kukuletea taarifa, lakini nikimwacha anataka kuinuka. Anasema mama atamfukuza. Lazima amalize nepi."

Severine alikuwa kitandani, macho nusu wazi, midomo imepasuka. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika ncha ya blanketi, inaisugua, fikicha, fikicha, bila kupumzika. Mama Vitalis aliishika. Ilikuwa ya moto kama mkate unaotoka tanuri, lakini ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe na imejikunja, kama ya mtu aliyeshinda kutwa ndani ya maji. Nayo ilinuka sabuni.

"Hapa hakuna sabuni hata kipande," Evarista alisema kwa sauti ya chini, kama aliyemsoma mawazo. "Tumekosa wiki mbili sasa."

Severine aligeuza kichwa. "Mama," alisema, taratibu kabisa, "kile kitambaa chekundu kinambana Nassibu. Kilegeze. Kidole kitakufa."

Machozi yalimtoka Mama Vitalis kabla hajajua kwamba analia. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

"Severine, nisikilize. Nepi zimekwisha. Zimekwisha zote, zimekauka, nimezikunja. Kazi yako ipo, hakuna atakayeichukua. Leo nakupa ruhusa. Kesho pia. Usije mpaka upone, mwanangu. Umesikia? Usije."

Aliyasema tena na tena, kwa muda asioweza kuukadiria, mpaka mikono ile ikapunguza mwendo, ikasimama. Severine akavuta pumzi ndefu, akalala usingizi wa kweli. Evarista akamwita jirani yao Bakili, msukuma mkokoteni wa sokoni, nao watatu wakamfunika mgonjwa kwa turubai, wakamsukuma kupita majini mpaka zahanati. Ilikuwa malaria kali. Mganga alisema wangechelewa siku moja zaidi asingependa kusema kingetokea nini.

Jioni, kitu cha kwanza alichofanya Mama Vitalis kilikuwa kulegeza kitambaa cha Nassibu. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cha buluu.

Alhamisi nepi zilibaki kwenye karai, zikanuka. Watoto walilia kutwa nzima, hakuna aliyelala. Mama Vitalis alizungukazunguka katikati ya kelele ile, amechoka hoi, na alikuwa anamshukuru Mungu. Wazazi walipokuja jioni aliwaambia wazi kwamba msaidizi wake ni mgonjwa na hatamwita, na kwamba yeye peke yake hawezi. Jasvanti akajitolea asubuhi mbili kwa wiki. Mama yake Nassibu, muuza mchicha, akasema alasiri ni zake. Mzazi mmoja alikasirika, akamhamisha mwanawe. Wengine wakapangana zamu.

Severine alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Mama Vitalis hakumweleza kitu. Alimuuliza tu anakumbuka nini katika siku zile za homa.

Severine alifikiri. "Kuchoka, mama. Kuchoka tu. Na njia ilikuwa ndefu."

"Kaa hapo," Mama Vitalis alimwambia, akampa kigoda na mtoto mdogo kuliko wote ampakate. Kitambo kidogo wote wawili wakasinzia, saa nne asubuhi, jua limewafikia miguuni. Mama Vitalis aliwasogezea kivuli kwa jamvi, kisha akakunja mikono ya gauni na kwenda kufua mwenyewe.