Shahidi wa Unga wa Kijani

"Umetokea tena!" Dada mtu aliinua simu juu ya cherehani yake kama anayeonyesha mtoto mchanga.

Mdogo wake, ambaye wateja walimwita Bi Vifungo, hakuinua macho. Alikuwa akipinda mkono wa sare, na sauti yake mwenyewe ikamjia kutoka kwenye simu: "Niliugua sukari miaka mitatu. Unga wa kijani umeniponya."

Hajaugua sukari hata siku moja. Muuzaji wa unga huo aliyekuja kushonesha gauni alimsifu kwamba ana sura ya kuaminika. Bi Vifungo akasoma maneno kwenye karatasi huku akirekodiwa, wakacheka, na wiki ile ile akaletewa cherehani ya umeme. Video ni ya watu wa mbali, aliambiwa. Simu yake humwonyesha mitindo ya magauni tu. Asingejua video imefika wapi.

"Miaka mitatu unanificha, we mtoto!" dada alisema, mguu wake ukisukuma kanyagio la cherehani kuukuu. "Sikulaumu. Mimi sindano zangu za sukari nimeziacha, natumia unga tu, wiki ya pili hii."

Mkasi ulimponyoka Bi Vifungo.

"Dada, nisikilize. Ule ni uongo. Niliandikiwa. Sijawahi kuugua."

Dada akacheka, kicheko cha upole, kile alichomchekea alipokuwa mdogo akiogopa radi.

"Walisema."

"Nani?"

"Hawa." Kidole kikateleza kwenye kioo, uso juu ya uso, kopo la kijani kila mkono. "Nikigusa mmoja wanakuja kumi. Jana wametuonya: mashahidi watatishwa na wenye viwanda vya dawa, mpaka wakane. Nani kakutisha, mdogo wangu?"

"Hakuna! Naapa kwa kaburi la mama!"

"Hata kuapa walisema mtaapa."

Bi Vifungo akainama kuokota mkasi, apate pa kuficha machozi. Chini ya meza, mguu wa dada ulikuwa peku. Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo hadi kichwani, na damu nyembamba ikitiririka juu ya chuma.

"Dada, mguu wako! Huumii?"

"Niumie nini? Siku hizi siumwi popote. Si unga huo?"

Kanyagio likapanda, likashuka. Juu ya meza video ilianza upya, na dada, akitabasamu, akayafuatisha maneno kwa midomo, moja baada ya jingine, bila kukosea.